Mtoto Mchanga Asiyeweza Kunyonya

(Haya ni maneno ya hotuba ya mwuguzi mkunga mbele ya akina mama, akina baba na wakunga. Tunayachapa kwa manufaa ya wasomaji wetu ambao hawakupata nafasi ya kuyasikia.)



Nimeombwa niseme nanyi juu ya jambo ambalo huingiza huzuni nyumbani, na mara nyingi huleta maneno baina ya jamaa. Jambo lenyewe ni mtoto mchanga ambaye hawezi kunyonya. Mama amekwisha kujifungua salama, majirani wamekuja na uji, nyanya amempokea mjukuu wake kwa furaha. Lakini kila mara mtoto anapowekwa kifuani hufungua kinywa kidogo, hulamba, kisha hulala. Au hunyonya mara mbili tatu, akapaliwa, akakohoa, akageuka rangi. Siku ya pili hali ni ile ile. Hapo ndipo maneno huanza. Huyu asema maziwa ya mama ni mabaya. Yule asema mtoto ni mvivu. Mwingine asema ametupiwa jicho. Na wako wasemao kwamba kimeo chake ni kirefu, heri kikatwe.

Nataka kuwapa neno moja la kushika. Kunyonya ni kazi, na mtoto huanza kujifunza kazi hiyo tangu yumo tumboni. Mtoto ambaye hakumaliza kujifunza aweza kufundishwa, kwa subira na kwa mikono safi. Lakini mtoto aliyekuwa akinyonya vema, kisha akaacha, huyo ni mgonjwa, wala hafundishwi. Hupelekwa hospitali mara moja. Watoto hawa wawili hufanana wakiwa mikononi, lakini njia zao ni mbali mbali. Mzazi ajuaye kuwatenga huenda akaokoa maisha ya mwanawe.

KAZI YA KINYWA

Sisi watu wazima twaona kunyonya ni jambo jepesi, kwa kuwa hatukumbuki siku tulipojifunza. Lakini tazameni jinsi lilivyo. Mtoto hana budi kufungua kinywa kwa upana, kuutandaza ulimi chini ya chuchu, kufunga midomo pande zote pasiwe na upenyo wa hewa, kisha kushusha taya na ulimi ili maziwa yavutike. Mashavu nayo hayana budi kuwa imara yasibonyee ndani. Maziwa yakisha kufika nyuma ya kinywa, yapasa yamezwe. Na wakati wa kumeza, pumzi husimama kidogo. Kisha mtoto huvuta pumzi, na kazi huanza tena. Maziwa yakitoka vizuri hufanya hivi kama mara moja kwa kila sekunde.

Kooni pana njia panda. Pumzi hupita hapo kwenda mapafuni, na maziwa hupita hapo kwenda tumboni. Mtoto ambaye bado hajui zamu ya kila kimoja aweza kupeleka maziwa mahali pa pumzi. Ndiyo sababu hupaliwa, hukohoa, au hugeuka rangi ya samawati midomoni. Mtoto wa namna hii hakatai titi. Yu katika hatari, naye aonyesha hatari yake kwa ishara za mwili.

Elimu hii huanza mapema sana. Kiasi cha mwezi wa nne wa mimba mtoto huanza kumeza maji yaliyomzunguka, na baada ya hapo kwa vyombo vya kuchunguzia mimba ameonekana akinyonya kidole chake. Lakini kunyonya, kumeza na kuvuta pumzi hazijaungana bado kuwa kazi moja. Huanza kuungana vema kiasi cha juma la 34 la mimba, na huzidi kupata nguvu mpaka karibu na juma la 37. Kwa hiyo mtoto aliyezaliwa katika juma la 30 ni kama mwanafunzi aliyetolewa chuoni kabla ya mtihani wa mwisho. Hakuna mwalimu mwenye akili atakayempiga kwa kuwa hajui somo ambalo hakufikia kulisoma.

Watoto hawa si wachache. Shirika la Afya la Ulimwengu lakadiria kwamba katika mwaka 2020 watoto milioni 13.4 walizaliwa kabla ya siku zao, yaani zaidi ya mmoja katika kila watoto kumi. Tena wako wengine waliotimiza siku zao, lakini kunyonya kwawashinda: aliyechelewa kulia na kuvuta pumzi alipozaliwa, aliyezaliwa na viungo vilivyolegea, na aliyezaliwa na mdomo au kaakaa lililopasuka. Mpasuko wa kaakaa waweza kuwa nyuma kabisa, na mdomo kwa nje ukawa mzima. Kwa hiyo enyi wakunga, kila mtoto asiyeweza kunyonya na atazamwe ndani ya kinywa kwa taa, mpaka nyuma. Mama asiambiwe ajaribu tu siku baada ya siku, kumbe kaakaa la mwanawe lina tundu.

MTOTO ALIYEACHA KUNYONYA

Kabla sijaeleza namna ya kufundisha, yanipasa niseme juu ya mtoto yule wa pili, maana kwake saa moja ni mali.

Tuseme mtoto amezaliwa mzima, amelia, amenyonya siku mbili au siku tano bila shida. Kisha asubuhi moja halitaki titi, au hunyonya kidogo na kuachia. Msimwite mvivu. Mtoto mchanga akipatwa na ugonjwa wa damu au wa mapafu au wa utando wa ubongo, mara nyingi hana alama nyingine ya kwanza ila hiyo. Mtu mzima husema, "Naumwa." Mtoto mchanga huacha kunyonya.

Tazameni pia alama hizi: mwili kuwa na joto kali, au kuwa baridi hata baada ya kufunikwa, kupumua mbio, mara 60 au zaidi kwa dakika akiwa ametulia, kifua kubonyea ndani kila avutapo pumzi, kulegea na kutojinyosha mpaka aguswe, degedege, na ngozi kuwa ya manjano, hasa siku ya kwanza, au manjano kufika viganjani na nyayoni. Hata moja tu katika hizi yatosha kumchukua mtoto hospitali siku ile ile, iwe mchana au usiku.

Na uko ugonjwa mmoja ambao wazee wetu waujua kwa jina, nao ni pepopunda. Mtoto hunyonya na kulia vema siku mbili za kwanza. Kisha, baina ya siku ya 3 na siku ya 28, taya hukaza asiweze kushika titi, mwili hukakamaa kama ubao, na kila aguswapo hushtuka. Pepopunda hii huingia kwa njia ya kitovu kilichokatwa kwa chombo kichafu au kilichopakwa mavi ya ng'ombe, majivu au udongo. Kinga yake ni sindano apewayo mama wakati wa mimba, na wembe safi, na kitovu kuachwa kikavu.

Njiani kwenda hospitali mtoto na awekwe kifuani pa mama, ngozi kwa ngozi, na kufunikwa vizuri asipoe. Akiwa macho na aweza kumeza, apewe matone ya maziwa ya mama. Asipoweza kumeza, asitiwe kitu chochote kinywani.

MAZOEZI YA KINYWA

Sasa nirudi kwa yule wa kwanza, ambaye hakumaliza masomo yake.

Katika wodi za watoto wachanga, mtoto aliyezaliwa mapema hulishwa kwa mpira mwembamba upitao puani au kinywani mpaka tumboni. Mpira huu huokoa maisha. Lakini fikirini jinsi kinywa chake kinavyoujua ulimwengu. Kimeguswa na mipira, na gundi za kuishikia, na chombo cha kuvutia makamasi. Utamu wa titi hakijauonja. Si ajabu basi kwamba majuma yakipita mtoto kama huyo hugeuza uso na kufumba midomo kitu kinapomkaribia. Kinywa chake kimefundishwa hofu.

Ndipo wataalamu walipofikiri: je, hatuwezi kukifundisha jambo jema, wakati mtoto angali akilishwa kwa mpira? Katika mwaka 2002 Sandra Fucile na wenzake, watafiti wa Kanada na Marekani, walitangaza habari za watoto 32 waliozaliwa mapema sana. Nusu yao walipapaswa mashavu, midomo, fizi na ulimi kwa dakika 12, kisha wakapewa kitu cha kunyonya kisicho na maziwa kwa dakika 3. Walifanyiwa hivyo mara moja kwa siku kwa muda wa siku kumi. Nusu nyingine hawakufanyiwa. Watoto wote walipoanza kulishwa kwa kinywa, wale waliozoezwa walifikia kula chakula chao chote kwa kinywa baada ya siku kama 11, na wenzao baada ya siku kama 18. Siku saba si jambo dogo kwa mama ambaye ameacha watoto wengine nyumbani.

Mwaka 2011 mwuguzi wa Marekani, Brenda Lessen, alitangaza zoezi fupi zaidi kwa watoto walio wadogo sana, la dakika tano tu kwa siku kwa muda wa siku saba. Dakika tatu ni za kupapasa, na mbili za kunyonya bila maziwa. Nitalieleza ili mjue ni kitu gani mwuguzi afanyapo mbele yenu, msije mkadhani anamchezea mtoto.

Kwanza hushika shavu, kidole kimoja ndani na kingine nje, akalivuta polepole kuelekea sikioni, kisha akarudi mbele kwenye pembe ya mdomo. Pili hushika mdomo wa juu, halafu wa chini, baina ya kidole na kidole, akaunyosha kwa upole. Tatu hupitisha ncha ya kidole juu ya ufizi, toka mbele mpaka nyuma, upande huu na upande huu, juu na chini. Nne hupapasa kando za ulimi na ndani ya mashavu. Tano hugusa kaakaa, kisha hubonyeza katikati ya ulimi kidogo kuelekea chini. Mwisho huweka kidole katikati ya kaakaa na kukichezesha polepole mpaka mtoto aanze kukinyonya, akamwacha akinyonye.

Faida yake ni nini? Kwanza, misuli ipatapo kazi hupata nguvu, kama mkono wa mkulima. Pili, kila mguso hupeleka habari katika ubongo, nao ubongo hujenga njia za kujibu. Tatu, mtoto hujifunza kwamba kitu kilichoingia kinywani si lazima kiumize. Na mtoto anyonyaye huku maziwa yakiingia tumboni kwa mpira hupata kufahamu kwamba kunyonya na kushiba ni mambo yaendayo pamoja.

Lakini sitaki kuwauzia ndoto. Mwaka 2016 wataalamu walikusanya majaribio mengi ya namna hii wakayapima pamoja. Waliona kwamba mazoezi hupunguza siku za kulishwa kwa mpira na siku za kukaa hospitalini. Hata hivyo walisema wazi kwamba majaribio mengi yalikuwa madogo na hayakufanywa kwa uangalifu wa kutosha, na kwamba yatakiwa mengine makubwa na bora zaidi. Basi mazoezi haya ni msaada, lakini hayatibu ugonjwa, hayazibi kaakaa lililopasuka, wala hayamfanyi mtoto wa majuma 30 kuwa wa majuma 40 kwa usiku mmoja. Haba na haba hujaza kibaba.

SHERIA ZA MIKONO

Mama aweza kufanya mazoezi haya mwenyewe, na kwa kweli mikono yake ndiyo bora kuliko yote. Ila asianze kwa mtoto aliyezaliwa mapema au aliye dhaifu kabla ya kufundishwa na mwuguzi na kupewa ruhusa. Akisha kufundishwa, na ashike sheria hizi.

Kucha zikatwe, pete zivuliwe, mikono ioshwe kwa sabuni na maji yatiririkayo. Kidole kipakwe tone la maziwa yake mwenyewe. Kisipakwe asali, maana asali yaweza kumtia mtoto wa chini ya mwaka mmoja sumu ya kupoozesha misuli. Wala sukari, wala dawa za majani. Mtoto awe macho na ametulia, kabla ya saa yake ya kula; asiwe analia kwa njaa, wala asiwe ameshiba, asije akatapika. Mguso uwe wa polepole lakini imara, kwa maana mguso mwepesi mno humtekenya na kumchukiza. Kidole kisipelekwe nyuma hata kumfanya aokoke.

Tena mama na amtazame usoni muda wote. Mtoto akigeuza uso, akitanua vidole vyake vyote, akianza kwikwi, akikunja uso, asema, "Nimechoka." Na apumzishwe. Akigeuka rangi au pumzi ikisimama, zoezi liachwe mara moja na mwuguzi aitwe. Hatushindani na mtoto. Dakika tano za amani zafaa kuliko nusu saa ya vita.

Na wako watakaouliza kama lazima wanunue chuchu ya mpira. Si lazima. Mama aweza kukamua maziwa kwanza, kisha akamweka mtoto katika titi lililokwisha kukamuliwa. Mtoto hulamba na kunyonya bila kuzidiwa na maziwa, na titi la mama hupata habari kwamba mtoto yupo, likaendelea kutengeneza maziwa.

MAZIWA WAKATI WA KUNGOJA

Mtoto ajifunzaye kunyonya hana budi kula wakati huo huo, na maziwa ya mama hayana budi kuendelea kutoka. Hapa ndipo wengi hushindwa. Hungoja mtoto apate nguvu, na mtoto apatapo nguvu, maziwa yamekwisha kukauka.

Mama na aanze kukamua mapema, katika saa za kwanza baada ya kujifungua ikiwezekana, kisha mara nane au zaidi kwa mchana na usiku, wala usiku usiachwe. Siku za kwanza atapata matone tu ya dang'a, mazito na ya manjano. Asiyamwage. Maziwa hayo ni machache kwa kipimo, lakini yana kinga kubwa, nayo ndiyo chakula cha kwanza kimfaacho mtoto.

Mtoto asiyeweza kushika titi lakini aweza kumeza hulishwa kwa kikombe kidogo safi au kijiko. Hivyo ndivyo Shirika la Afya la Ulimwengu lilivyoshauri mwaka 2011 kwa watoto waliozaliwa na uzito mdogo katika nchi zetu, kwa kuwa kikombe huoshwa kwa urahisi, bali chupa na chuchu yake huficha uchafu. Mtoto hukalishwa karibu wima, shingo imeshikwa. Ukingo wa kikombe huwekwa juu ya mdomo wa chini, na kikombe huinamishwa mpaka maziwa yafike midomoni. Hapo mtu hungoja. Mtoto mwenyewe hutoa ulimi akalamba kama paka, au akafyonza. Msimmiminie! Kumimina ni kuyalazimisha maziwa yaingie njia panda ile niliyoitaja, wakati mlinzi wake hajajiweka tayari.

Na mama ambaye maziwa yake yamechelewa asikate tamaa wala asikimbilie maziwa ya ng'ombe. Na amwulize mwuguzi. Mwaka 2019 Hospitali ya Uzazi ya Pumwani, katika Nairobi, ilifungua benki ya maziwa ya akina mama, ya kwanza katika Kenya, ambayo maziwa yaliyotolewa na mama mmoja huchunguzwa na kuchemshwa kwa kipimo ili kumsaidia mtoto wa mwingine.

KIFUA CHA MAMA NDICHO DARASA

Mtoto hujifunza vema mahali palipo na joto na usalama. Mwaka 1978, katika mji wa Bogotá nchi ya Colombia, Daktari Edgar Rey Sanabria alikuwa na watoto wadogo wengi na mashine za kuwapasha joto chache. Akaanza kuwaweka watoto vifuani pa mama zao, ngozi kwa ngozi. Njia hii imeenea duniani, nasi huiita njia ya kangaruu.

Zamani ilidhaniwa kwamba sharti mtoto atulie kwanza ndipo awekwe kifuani. Habari zilizotangazwa mwaka 2021 zimegeuza fikira hiyo. Watoto zaidi ya 3,000 wenye uzito wa kilo 1 mpaka pungufu kidogo ya kilo 1.8 walichunguzwa katika hospitali tano, katika Ghana, Uhindi, Malawi, Nigeria, na kwa jirani zetu Tanzania, katika Hospitali ya Taifa ya Muhimbili. Miongoni mwa wale walioanza kifuani baada ya kutulia, wapatao 16 katika kila 100 walikufa kabla ya siku 28. Miongoni mwa wale waliowekwa kifuani mara baada ya kuzaliwa, walikuwa 12. Mtoto akaaye hapo husikia harufu ya maziwa, huligusa titi kwa shavu lake, na siku moja, bila kuamriwa na mtu, hufungua kinywa akatafuta.

Siku hiyo ikifika, mama na amsaidie. Kama taya lake ni legevu, aweza kulichukua titi kwa vidole vitatu, na kidole cha shahada na gumba vikashika mashavu na kidevu cha mtoto kama kikombe, ili kazi isimchoshe. Aanze kwa dakika chache, kisha amalizie kwa kikombe. Atajua ashibavyo kwa alama zisizodanganya: baada ya juma la kwanza kukojoa mara sita au zaidi kwa mchana na usiku, na uzito kuongezeka kila apimwapo.

KISU SI DAWA

Sasa nanena na wazee, kwa heshima. Katika sehemu nyingi za Afrika Mashariki mtoto asiyenyonya, au akohoaye, hupelekwa kwa ngariba kukatwa kimeo, ambacho wengine hukiita kilimi. Kwingine husemwa kwamba ana "meno ya plastiki", na fizi zake huchimbwa ili vitolewe vijimeno vyeupe vilivyomo ndani. Najua kwamba wafanyao hivi hawana nia mbaya. Wamsikitikia mtoto, nao wataka kumwokoa. Lakini kimeo hakimzuii mtoto mzima kunyonya, na vile vyeupe vitolewavyo ni machipukizi ya meno yake mwenyewe, ambayo Mungu ameyaweka yangoje wakati wao. Mtoto ambaye alikuwa dhaifu hupoteza damu, hupata kidonda, na kwa kisu kichafu aweza kuingiziwa pepopunda au maradhi mengine ya damu. Wengine hawarudi nyumbani wazima. Na hata akipona, kinywa kilichokuwa kikiogopa sasa kina sababu ya kuogopa zaidi.

Ikiwa uzi ulio chini ya ulimi ni mfupi kweli kweli hata wamzuia mtoto kushika titi, daktari atauona na kuukata kwa chombo safi. Ikiwa kaakaa limepasuka, mtoto atalishwa maziwa ya mama yake kwa kikombe au kijiko mpaka wakati wa kushonwa ufike. Hayo ni kazi ya hospitali.

NENO LA MWISHO

Kuzaa si kazi, kazi ni kulea. Na kazi hii si ya mama peke yake. Mama akamuaye mara nane kwa mchana na usiku hana nafasi ya kuteka maji na kutafuta kuni. Akina baba, mtoto aweza kukaa kifuani penu pia, ngozi kwa ngozi, mama akilala. Nanyi akina mama wakwe, neno lenu lina nguvu nyumbani kuliko la mwuguzi. Mkisema, "Maziwa yake ni mabaya," maziwa yatapungua kwa majonzi na kwa titi kuachwa. Mkisema, "Mwanangu, keti, nikushikie huyu wakati ukikamua," mmempa mjukuu wenu mwalimu wa pili.

Basi mkiitwa kumtazama mtoto asiyenyonya, ulizeni kwanza swali moja: Je, amewahi kunyonya vema? Kama amewahi, kisha ameacha, msikae kushauriana, mchukueni hospitali. Kama hajawahi, mchukueni pia atazamwe kinywa na mwili wote. Na akionekana hana ugonjwa, mfundisheni, kwa kifua, kwa kikombe, na kwa kidole safi, bila haraka na bila lawama.